Njooni Polepole

Mwezi wa sita ukifika, Mbozi yote hunuka maganda ya kahawa. Watu huyarundika nyuma ya nyumba, yanachachuka, na harufu yake, nusu tamu na nusu ya kuoza, huingia mpaka kwenye mablanketi. Wageni wakishuka Mlowo huziba pua. Mimi nikirudi nyumbani kutoka Tunduma, ninakouza vitenge, harufu hiyo hunipokea kabla ya ndugu zangu. Ndiyo iliyokuwa imejaa ndani ya pikapu siku tulipoondoka kumfuata baba mdogo Edson ziwani. Baba alikuwa dereva wa mnunuzi mmoja wa kahawa, akaliomba gari kwa tajiri yake, akapewa hivyo hivyo, na maganda yake nyuma. Nilikuwa na miaka kumi. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto wenzangu waliponiona nimekaa kiti cha mbele, nimevaa gauni la Krismasi, walidhani naenda kutembea. Sikuwakatalia. Nilikuwa nimeambiwa nitaona ziwa, na ndani ya ziwa kisiwa, na kwa mtoto wa milimani ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya kijito cha kuoshea kahawa, jamani, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini hatukuwa tunaenda kutembea. Bibi, mama yake baba, alikuwa anakufa. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu mwaka ule hakuna aliyelitamka, na kutotamka huko ndiko kulikotuponza. Na Bibi alikuwa na deni moja tu duniani, nalo lilikuwa la maneno. Baba mdogo Edson, kitinda mimba wake, ndiye aliyerithi kipande cha shamba cha chini, ambacho babu alipanda mibuni kwa mikono yake mwenyewe. Msimu mmoja kahawa ilipododa, Baba mdogo alichukua jembe na shoka, akaing'oa mibuni yote ili apande mahindi. Bibi alirudi kutoka kanisani akaikuta imelazwa, mizizi juu. Ulimi hauna mfupa. Alivua kitambaa kichwani, akasema mbele ya watu, "Kama ulivyoing'oa hii, na wewe usishike mizizi popote utakapokaa." Basi ikawa hivyo. Baba mdogo alikwenda Msangano kulima mpunga, maji yakauchukua. Akaja Tunduma kubeba mizigo mpakani, akagombana na wenzake, akafukuzwa. Akaoa, mke akarudi kwao. Mwishoni akaishia Ziwa Tanganyika, kwenye kisiwa kilicho mbele ya Kipili, kuvua dagaa. Kila alipopata pigo alisema ni maneno ya mama, na sisi sote tuliamini. Hata mchungaji, aliyehubiri madhabahuni kwamba aliyeokoka halaaniki, alikuja jioni moja kwa mlango wa jikoni kumshauri Bibi ayaondoe.

Na kuyaondoa si kazi ya simu wala ya kutuma salamu. Katika ukoo wetu, mdomo uliosema ndio unaofuta. Mzazi hupiga funda la maji, huyapuliza juu ya kichwa cha mwanawe yakamwangukia kama manyunyu, kisha husema kwamba neno lile amelimeza. Mzazi akifa kabla ya hapo, neno hubaki peke yake duniani, halina tena wa kuliita lirudi. Hasira za Bibi zilikuwa zimeisha zamani. Tangu alale kitandani alikuwa anauliza kila asubuhi, "Edson kafika?" Tukimwambia bado, aligeukia ukutani. Kikombe chake cha bati kilikaa kwenye stuli karibu na mto, kimejaa maji, na ole wake ambaye angeyanywa.

Baba alikuwa amempigia simu mvuvi mmoja wa kule kisiwani, maana Baba mdogo hakuwa na simu. Alipanda mpaka mgongo wa kilima kutafuta mtandao, nami nikamfuata. Nilimsikia akipaza sauti, "Mwambieni Edson mama yake mgonjwa sana. Mgonjwa sana! Aje haraka!" Tukangoja. Tuliandaa kitanda, mama akachinja jogoo, jogoo akaliwa na sisi wenyewe. Baba mdogo hakutokea, na simu ya yule mvuvi ikawa haipatikani. Baba alikasirika. "Mtoto gani huyu? Mama anaumwa, yeye anahesabu dagaa!" Bibi alipomsikia, akaniita. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha, namnyoosha miguu, namwambia nje kuna nani. Akanishika mkono, akamwambia Baba, "Ramson, nenda kamlete wewe mwenyewe. Na uende na Sekela." Baba alitaka kubisha, lakini nani anabishana na mtu wa hali ile? Kabla sijatoka, Bibi aliomba kikombe chake. Alipiga funda, akanivuta viganja, akavipulizia maji, manyunyu mengine yakanirukia usoni. "Uende salama, uniletee yule," alisema. Maji yalikuwa ya baridi, nikataka kujifuta kwenye gauni, mama akanikata jicho.

Tulipita Vwawa, tukapita Mpemba, tukafika Tunduma. Hapo tukaiacha lami na malori yake, tukashika njia ya Sumbawanga. Siku zile barabara ile ilikuwa vumbi tupu, jekundu, laini, linaloingia mpaka kwenye meno. Ndalambo tulinunua mihogo ya kuchoma, nikatafuna pamoja na vumbi lake.  Baba alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili na kila shimo tulipoingia alisema, "Mama, subiri," kama vile Bibi amekaa nyuma kwenye maganda. Mimi nilijaribu kuhuzunika, lakini macho ya mtoto hayana adabu. Niliona ng'ombe wengi kuliko watu wa kanisa letu, niliona uwanda usio na mlima wa kuuegemea, niliona Sumbawanga na baridi yake iliyonifanya nijisikie niko kwetu. Baada ya Namanyere njia ikaanza kushuka, hewa ikapata joto, na mahali fulani kwenye kona Baba akakanyaga breki ghafla. Chini yetu kulikuwa na ziwa. Nilifikiri ni mbingu imeshuka. Lilikuwa la buluu mpaka lilipopotelea upande wa Kongo, na ndani yake visiwa vimekaa kimya vikiwa na miti na mawe meupe. Nikapiga vigelegele! Baba alinitazama, nikajiziba mdomo. Lakini hakunigombeza. Alitazama na yeye, kisha akasema polepole, "Kumbe huku ndiko anakokaa," akawasha gari.

Tulilala Kipili, na asubuhi tukavuka kwa mtumbwi wa injini. Watu wa milimani hatujui maji. Baba, mwanaume anayeshusha gari lililojaa magunia kwenye mteremko wenye utelezi huku akipiga mluzi, alikaa chini kabisa ya mtumbwi, amefumba macho, amenishika mguu. Mimi nilichungulia. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba niliona mawe ya chini na samaki wadogo wenye mistari wakipita juu yake, na kivuli cha mtumbwi wetu kikipita juu ya samaki. Upepo wa kusini ulitupiga, ukatulowanisha, na kisiwa kikawa kinakua mbele yetu kidogo kidogo, mawe yake makubwa yamebebana, ufukwe wake unang'aa. Tulipokaribia niligundua kinachong'aa ni dagaa. Walikuwa wameanikwa mchanga mzima, na harufu yao ikayafukuza maganda ya kahawa puani mwangu. Nilikuwa na furaha ambayo nilijua si mahali pake.

Mwanamke mmoja mnene alikuwa akigeuza dagaa kwa ufagio. Aliitwa Bi Zaina, mpishi wa kambi. Alimtazama Baba usoni, akaona sura ya Edson, maana hao wawili wamefanana. Hakungoja salamu. Alitupa ufagio, akaweka mikono kichwani. "Jamani poleni! Poleni na msiba wa mama!" Wanawake wengine wakainuka, wakaja, wakatushika mikono, mmoja akaanza kulia kabisa. Nilimwona Baba akikaa. Hakuanguka, alikaa tu, juu ya dagaa wa watu. "Lini?" aliuliza. "Wamewapigia lini?" Sote wawili tulijua nini kimetokea: Bibi amekufa tukiwa njiani, na habari imetupita ikatutangulia. Nikaanza kupiga mayowe. Bi Zaina akawa anatutazama mmoja mmoja, uso umembadilika.

"Si ninyi mliopiga?" alisema. "Ninyi wenyewe mlipiga, mkasema mama yake mgonjwa sana, aje haraka."

"Ndiyo," Baba alisema. "Mgonjwa."

"Sasa baba yangu, mtu mzima akiambiwa hivyo kwa simu, anaelewaje?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Kwetu, na kwao, na kwa kila mtu ninayemjua, hakuna anayempa mtu wa mbali habari ya kifo kwa simu. Unamwambia mgonjwa amezidiwa, njoo. Unaogopa asije akaanguka njiani, asije akajirusha kwenye gari. Na yeye, akisikia hivyo, hujua, hafungi safari ya kumwona mgonjwa, hufunga safari ya kwenda kwenye kaburi. Baba mwenyewe alikuwa amewahi kuitwa hivyo babu alipofariki. Lakini safari hii mgonjwa alikuwa mgonjwa kweli, na hatukuwa na neno la kusema hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga. Sisi tulikuwa tumeficha vifo kwa miaka mingi hata maradhi yakakosa pa kusemea. Baba alianza kucheka na kulia kwa pamoja, huku akibandua dagaa waliomganda kwenye suruali. "Yu hai!" alimwambia Bi Zaina. "Mama yangu yu hai! Edson yuko wapi?"

Hakuwepo. Wavuvi walikuwa wameketi naye matanga, wakamnyoa nywele, kisha wakamwomba akae mbali na nyavu mpaka msiba upoe, kwa kuwa waliogopa mfiwa angewafukuzia dagaa. Alikwenda nyuma ya kisiwa, kwenye ghuba ndogo upande wa kaskazini yenye vibanda vichache. Tukarudi kwenye mtumbwi. Tulikizunguka kisiwa chote, na ningetamani kusema sikukitazama, lakini nilikitazama. Kulikuwa na mapango ambayo maji yaliingia na kutoka yakiguna, na ndege weupe waliokaa kwenye matawi kama nguo zilizoanikwa. Baba safari hii hakufumba macho. Alikuwa amesimama, anayumba, anamwambia mwendeshaji aongeze mwendo, aongeze, kwani injini hii ni ya kusagia mahindi?

Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya jiwe, kichwa kinang'aa kwa kunyolewa, miguu majini. Alituona tangu mbali na hakuinuka. Tulipofika alimwangukia Baba kifuani. "Mmeshamzika?" aliuliza. Baba akamwambia mama yu hai. Baba mdogo akatingisha kichwa. "Kaka, mimi si mtoto. Niambie tu." Baba akaapa kwa Mungu. Akaapa kwa kaburi la babu. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo Baba mdogo alivyozidi kuamini kwamba anadanganywa, maana hivyo ndivyo watu wanavyofanya, huapa mpaka wakufikishe nyumbani. "Nitakuja," alisema, "lakini haraka ya nini? Aliyekuwa na maji ameondoka nayo. Acha nikae hapa, ambapo hakuna kitu cha kung'oka." Baba alimshika mabega akamtikisa kwa nguvu, nikadhani atampiga. Jua lilikuwa linazidi kupanda na Bibi alikuwa bado anasubiri na kikombe chake. Kisha Baba mdogo akanigeukia. "Sekela, mwanangu. Bibi yako amekufa?"

Sikujua nijibu vipi ili nisionekane nadanganya kama watu wazima. Nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Hapana. Amekataa uji wangu. Amesema nimeutia chumvi kama ya kulambisha ng'ombe." Baba mdogo alinitazama. Midomo ikaanza kumcheza. "Na wewe ukamwambiaje?" Nikamwambia nilinuna, na Bibi akasema nikinuna nafanana na Edson. Hee! Aliruka kutoka kwenye jiwe lile, akapita katikati yetu akiwa kifua wazi, akaingia mtumbwini bila shati, bila viatu, akaanza kuvuta kamba ya injini ya mtu.

Kurudi kulikuwa ni kukimbizana na kitu ambacho hatukukiona. Usiku, kabla ya Sumbawanga, springi ya nyuma ilikatika, na asubuhi nzima ya pili yake ilipotea kwa fundi. Baba mdogo alilala chini ya gari na fundi, analia, anamkabidhi spana, anamwambia, "Fundi, mama yangu ananisubiri, fanya hima." Tulijaribu kupiga simu nyumbani, ya mama ilikuwa imezimwa. Kwetu hapakuwa na umeme, simu zilipelekwa Mlowo kuchajiwa. Tukaondoka. Baba aliendesha kama mwizi, na Baba mdogo, kwenye shati la kuazima, alikuwa anayarudia maneno atakayomwambia Bibi. Atamwambia atairudisha mibuni yote. Atachimba mashimo mwenyewe. Aliniuliza mara nyingi maji yamebaki kiasi gani kwenye kikombe, na mimi nikamjibu kwamba kimejaa.

Tulikuwa tumeipita Laela simu ilipoita. Baba aliipokea huku akiendesha, na sauti ya mama ilikuwa kubwa, niliisikia kila neno. Aliuliza tuko wapi. Baba akamwambia. Mama akasema, "Mgonjwa amelala. Msikimbie. Njooni polepole." Nilifurahi mno! Bibi alikuwa halali, maumivu yalikuwa hayampi usingizi, na sasa amelala. Nilipiga makofi. Nikawaambia, "Mnaona? Amepata nafuu!"  Baba alishusha gia. Akashusha tena. Gari lililokuwa likiruka mashimo likaanza kutembea kama linalopeleka mayai, na mimi nikawa nashangaa, jamani kwa nini tunapunguza mwendo wakati mgonjwa amepata nafuu?

Baba mdogo akanigeukia. Aliniuliza kama Bibi alinitemea maji nilipokuwa naondoka. Nikasema ndiyo, kwenye viganja. "Yamekauka," nikamwambia, nikamwonyesha. Viganja vyangu vilikuwa na vumbi na grisi na harufu ya dagaa. Alivitazama muda mrefu. Kisha akainamisha kile kichwa chake kilichonyolewa, akakilaza mapajani mwangu. "Weka hivyo hivyo," alisema. Nikaweka. Nywele zilizoanza kuota zilinichoma. Alitetemeka njia nzima mpaka Ndalambo, nami sikuthubutu kuondoa mikono hata nzi walipotua usoni mwangu. Nilielewa tulipokata kona ya shamba letu, nikasikia vilio, nikaona viti vya kanisa vimepangwa kwenye kahawa. Kikombe cha Bibi kilikuwa pale pale kwenye stuli. Mama alisema hakuna aliyekigusa.

Sijui kama mikono mikavu ya mtoto ilitosha. Nimelibeba swali hilo mpaka leo, na limenichosha. Baba mdogo hakuweza kukaa Mbozi, alirudi ziwani baada ya matanga, lakini safari hii hakuhama tena. Ana mke, ana watoto, na nyuma ya nyumba yake Kipili amepanda mbuni mmoja, kwenye joto lile, ambao haujawahi kuzaa na haujawahi kufa. Mimi nilijiapiza kwamba nikikua nitasema kitu kama kilivyo. Na ukoo mzima ukaweka sharti: ukipiga simu kusema fulani anaumwa, unampa simu mgonjwa mwenyewe aongee. Ndugu wengine wanatucheka, lakini limetusaidia. Siku hizi kuna mtandao mpaka kisiwani, na barabara ya Sumbawanga ni lami tupu, unatoka ziwani alfajiri na chakula cha jioni unakula kwetu. Nimewahi kufikiri kwamba kama lami ile ingekuwepo wakati ule, tungemkuta Bibi. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo ninavyofikiri.

Mwezi wa sita mwaka huu Baba aliugua. Nilipanda gari nikaja nyumbani, maganda ya kahawa yakanipokea, na usiku huohuo nikampigia Baba mdogo. "Mpe simu nimsikie," alisema. Nikampa. Baba akamwambia kwa sauti yake ya kukwaruza asije na dagaa wenye mchanga kama wa mwaka jana. Baba mdogo alicheka, akasema kesho alfajiri yuko njiani, mwanawe ataendesha. Asubuhi Baba alikunywa chai nusu kikombe. Mchana nilikuwa nimemshika mkono, akaniachia. Tulikuwa bado hatujawaita majirani simu yangu ilipolia. Nilitoka nayo nje, nikasimama karibu na rundo la maganda.

"Mwanangu, tumeshapita Laela," alisema Baba mdogo. "Barabara nzuri, kijana anakimbia kweli. Mpe simu nimsikie."

Nilifungua mdomo niseme kitu kama kilivyo. Nilikuwa nimejiandaa tangu nikiwa na miaka kumi. Nikamwona yule mtu amekaa kwenye kiti cha mbele, mzee sasa, gari linakwenda kasi, na hakuna mtoto pembeni yake wa kumlalia mapajani.

"Amelala, Baba mdogo," nikasema. "Msikimbie. Njooni polepole."

 Nikamsikia akimwambia mwanawe, "Punguza mwendo, baba. Hatuna haraka tena."